Graham, Kansas: Kaunti iliyojengwa na watu waliotoka utumwani

Mwaka 1877 tangazo moja lilianza kupita mikononi mwa watu weusi wa Lexington, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Lilisema kwamba yeyote anayetaka kuhamia Kansas tarehe 5 Septemba mwaka huo anaweza kwenda kwa kulipa dola 5. Waliolisoma, au kusomewa, walikuwa wametoka utumwani miaka 12 tu iliyopita. Wengi wao hawakuwa na shamba wala mifugo. Walilima ardhi ya watu wengine, na mavuno yalipogawanywa walibaki na madeni.

Septemba ilipofika, watu zaidi ya 300 walipanda treni kuelekea magharibi. Walishuka Ellis, kituo kidogo cha reli ya Kansas Pacific, na mbele yao kulikuwa na kilomita zipatazo 55 za nyika isiyo na barabara. Walikuwa wanakwenda mahali palipoitwa Nicodemus. Kwenye karatasi ulikuwa mji uliopimwa mitaa na viwanja. Ardhini ulikuwa bado haujaanza.

Leo mahali hapo pamo ndani ya Kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas. Kaunti nzima ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,300, na sensa ya 2020 iliikuta na watu 2,415. Ni nchi ya ngano, ng'ombe na upepo. Anayekatiza kwa barabara kuu namba 24 huimaliza kwa muda mfupi, na asipoambiwa hatajua kwamba ameipita sehemu nzito ya historia ya watu weusi wa Marekani.

Historia hiyo inastahili kusomwa na kila anayejiuliza uhuru hujengwaje baada ya kutangazwa. Walowezi wa Nicodemus walikuja na barua ya uhuru na mikono mitupu. Katika miaka michache walikuwa na shule, makanisa, posta, magazeti na watu wao katika ofisi za serikali. Mji wao ulikuja kuporwa bahati na uamuzi uliofanyika mbali, lakini jamii waliyoijenga ipo mpaka leo.

ARDHI ILIYOKUWA NA WENYEWE

Simulizi nyingi za walowezi wa Marekani huanza kwa kuitaja ardhi kama jangwa lisilo na mtu. Bonde la mto Solomon, unaokatiza kaunti hii, lilikuwa na watu tangu zamani sana. Karibu na kijiji cha Penokee, juu ya kilima, lipo umbo la mtu lililopangwa kwa mawe, kazi inayohusishwa na watu wa asili wa nyika hizo. Wapawnee, Wacheyenne na Waarapaho waliwinda nyati katika bonde hilo kwa vizazi vingi.

Julai 1857 wapiganaji wa Cheyenne walijipanga katika bonde la Solomon kuwakabili askari farasi wa Kanali Edwin Sumner. Walikuwa wamenawa mikono katika ziwa takatifu, wakiamini kwamba maji yale yangezuia risasi zisiwadhuru. Sumner aliamuru askari wake wachomoe panga badala ya bunduki. Wapiganaji hawakuwa wamejiandaa kwa hilo, wakatawanyika. Miaka kumi baadaye, mwaka 1867, Mkataba wa Medicine Lodge uliwasukuma Wacheyenne wa Kusini, Waarapaho, Wakiowa na Wakomanchi kwenda kusini, katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma. Wawindaji wa ngozi wakawamaliza nyati. Mwaka 1873 hata Wakansa, kabila ambalo jimbo limechukua jina lake, waliondolewa.

Hivyo ardhi iliyotangazwa Lexington mwaka 1877 ilikuwa wazi kwa sababu ilikuwa imefunguliwa kwa nguvu. Wenyewe hawakuwa wameisahau. Septemba 1878, Wacheyenne wa Kaskazini zaidi ya 300, wakiongozwa na Dull Knife na Little Wolf, walitoroka kwenye hifadhi waliyofungiwa Oklahoma na kukatiza magharibi mwa Kansas kuelekea kwao kaskazini. Njiani walipigana na jeshi, na walowezi kadhaa waliuawa. Wakati huohuo, watu wa Nicodemus walikuwa katika mwaka wao wa kwanza wa kilimo. Watu walionyang'anywa kwao na watu ambao hawakuwahi kupewa kwao walikuwa wakitafuta mahali pa kuishi katika nyika ileile. Asiyelitaja hilo hajaieleza Kansas kikamilifu.

KWA NINI KANSAS

Kentucky ilikuwa jimbo la watumwa ambalo halikujitenga na Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa sababu hiyo Tangazo la Ukombozi la Rais Abraham Lincoln la mwaka 1863, lililohusu majimbo yaliyoasi, halikuwagusa watumwa wa huko. Waliobaki utumwani walifunguliwa Desemba 1865 tu, Rekebisho la 13 la Katiba lilipoanza kufanya kazi, nalo bunge la Kentucky lilikuwa limelikataa.

Miaka iliyofuata iliitwa kipindi cha Ujenzi Mpya. Watu weusi wa Kusini walipiga kura, wakachagua wabunge, wakafungua shule. Mwaka 1877 kipindi hicho kilifikia mwisho. Rais Rutherford B. Hayes aliwaondoa askari wa serikali kuu waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Ujenzi Mpya, na mabwana wa zamani wakarudisha mamlaka yao. Vitisho na mauaji ya makundi ya kibaguzi vikawa jambo la kawaida.

Kansas ilikuwa na sifa nyingine. Ilijiunga na Marekani Januari 1861 ikiwa jimbo lisilo na utumwa, baada ya miaka ya umwagaji damu kati ya waliotaka utumwa na walioupinga. John Brown, mzungu aliyeutoa uhai wake akipigania kuukomesha utumwa, alikuwa amepigana huko. Pia kulikuwa na ardhi. Sheria ya mwaka 1862 iliyogawa ardhi ya serikali kwa wakulima ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kuiendeleza kwa miaka mitano. Kwa mtu aliyewahi kuorodheshwa pamoja na ng'ombe katika mali za mwingine, kuwa na hati ya ekari 160 kwa jina lake mwenyewe lilikuwa jambo kubwa kupita maelezo.

Tarehe 18 Aprili 1877 iliandikishwa Kampuni ya Mji wa Nicodemus. Rais wake alikuwa Mchungaji W. H. Smith, mtu mweusi kutoka Tennessee. Mweka hazina alikuwa W. R. Hill, mzungu mzaliwa wa Indiana aliyekuwa akiuza viwanja vya miji mipya. Jina la mji linaaminika kutoka kwenye simulizi ya mtumwa wa Kiafrika aliyeitwa Nicodemus, aliyejinunulia uhuru wake, simulizi iliyokuwa ikiimbwa enzi hizo. Juni mwaka huo Mchungaji Simon Roundtree akafika, mlowezi wa kwanza. Husimuliwa kwamba alikuwa na alama ya chuma cha moto shavuni, adhabu aliyopewa utumwani kwa kosa la kujifunza kusoma.

MOSHI KUTOKA ARDHINI

Waliofika Septemba walikuwa wamesikia habari za udongo mzuri, maji na wanyama wa kuwinda. Walichokikuta ni nyasi mpaka upeo wa macho. Miti ilikuwa michache mno, tena kando ya mto tu. Hasira zilipanda. Inasimuliwa kwamba baadhi walitaka kumnyonga Hill, naye akalazimika kujificha. Makumi ya familia hazikukubali kubaki. Zilirudi mashariki mwa Kansas mara moja.

Willianna Hickman alifika na kundi lililofuata, katika majira ya kuchipua ya 1878, pamoja na mumewe, Mchungaji Daniel Hickman, na waumini wake kutoka Georgetown, Kentucky. Walipokuwa Ellis surua iliingia kambini na baadhi ya watoto wakafariki. Waliobaki walikatiza nyika kwa kufuata dira, njia za paa na mashimo ambayo nyati walikuwa wakigaagaa. Miaka mingi baadaye Bi. Hickman aliyaeleza yaliyomkuta. Wanaume waliotangulia walipaza sauti kwamba Nicodemus inaonekana. Yeye akatazama asione nyumba hata moja. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini, akamwambia mji ndio ule. Bi. Hickman akalia.

Moshi ule ulitoka kwenye mashimo ambamo watu walikuwa wanaishi. Pasipo mbao wala fedha za kununua mbao, walowezi walichimba kingo za vilima, wakaezeka kwa matawi, nyasi na udongo, na kuacha tundu la bomba la jiko. Baadaye waliweza kujenga juu ya ardhi kwa mabonge ya udongo ulioshikamana na mizizi ya nyasi, yaliyokatwa na kupangwa kama matofali. Kuni hazikuwepo, wakawa wanapikia mavi makavu ya nyati na mabua ya alizeti. Emma Williams, aliyefika akiwa mjamzito, alijifungua huko mwaka huohuo wa 1877. Mwanawe, Henry, ndiye anayetajwa kuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa Nicodemus.

BARIDI YA KWANZA

Walifika wakiwa wamechelewa kupanda chochote, na baridi ya Kansas haimsubiri mtu. Chakula walichokuja nacho kiliisha. Wajumbe walitumwa Topeka, Leavenworth na miji mingine kuomba vyakula na mavazi, na misaada ikapatikana. Kizazi kwa kizazi, familia za Nicodemus pia zimesimulia kuhusu Waosage waliopita hapo wakirudi kutoka mawindoni, wakawaona watu wale mashimoni na kuwagawia nyama. Waosage wenyewe walikuwa wamehamishwa kutoka Kansas miaka michache tu kabla. Simulizi hiyo imetunzwa kwa heshima kubwa, na ninaona ni haki. Deni la mtu aliyekupa chakula wakati yeye mwenyewe amepokonywa kwao halilipiki kwa fedha.

Majira ya kupanda yalipofika, kijiji kizima kilikuwa na farasi watatu. Waliobaki waliingia shambani kwa sepetu na majembe ya mkono. Nyasi za nyika ile zilikuwa na mizizi iliyosukana kwa karne nyingi, na kuipasua ardhi hata kwa plau inayokokotwa na fahali ilikuwa kazi ya jasho. Wanaume wengi walikwenda kufanya vibarua vya reli, wakituma mishahara nyumbani, huku wanawake wakibaki na mashamba na watoto.

Tena hali ya hewa ya eneo hilo ni ya kubahatisha. Kaunti ya Graham iko karibu kabisa na mstari wa nyuzi 100 magharibi, ambapo mvua ya mwaka inaanza kupungua kufikia sentimita 50 hivi. Mwaka 1878 mpelelezi wa ardhi John Wesley Powell aliwasilisha serikalini ripoti iliyoonya kwamba kuanzia mstari huo kwenda magharibi kilimo cha kutegemea mvua ni hatari, na kwamba ekari 160 hazitoshi kumlisha mtu. Onyo hilo halikuzuia chochote. Mawakala wa ardhi waliendelea kuuza viwanja, na watu waliendelea kuja.

SHULE NAMBA MOJA

Kinachonivutia zaidi katika miaka hiyo ni mpangilio wa mambo waliyoyatanguliza. Kabla hawajawa na nyumba zenye madirisha, walikuwa na darasa. Jenny Smith Fletcher, binti wa Mchungaji Smith, aliyefika Julai 1877 pamoja na mumewe Zachary Fletcher, alifundisha watoto ndani ya shimo waliloishi. Shule hiyo ilikua na mwaka 1879 eneo lake likawa la kwanza kuandikishwa rasmi katika kaunti: Wilaya ya Shule Namba 1. Ndiyo kusema kwamba watoto wa watu waliokatazwa kusoma ndio walioanza kuhesabiwa katika daftari la elimu la Graham.

Zachary Fletcher akawa mkuu wa posta. Mwaka 1880 yeye na mkewe walifungua Hoteli ya St. Francis, ambayo ilitumika pia kama posta na kituo cha magari ya farasi. Wabaptisti na Wamethodisti wa Kiafrika walianza ibada katika mashimo, wakahamia katika majengo ya udongo, kisha ya mawe. Jengo la mawe la kanisa la Kimethodisti lilisimama mwaka 1885.

Mwaka 1879 jamii hiyo iliamua jambo lililowashangaza waliokuwa wakiwahurumia: ilitangaza kwamba haihitaji tena misaada. Ulikuwa uamuzi mgumu, kwa kuwa bado walikuwa maskini. Lakini walijua kwamba mtu anayeombewa kila mwaka hawezi kusimama mbele ya mwenzake kama raia aliye sawa naye. Mwaka huohuo maelfu ya watu weusi walikuwa wakimiminika Kansas kutoka Mississippi, Louisiana na Tennessee katika wimbi lililojulikana kama Kutoka Kukuu, na mzee Benjamin Singleton wa Tennessee alikuwa mmoja wa waliolihamasisha. Watu wa Nicodemus walikuwa wamewatangulia wote hao, na walitaka kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

KAUNTI YAANZA KUJITAWALA

Kwenye ramani, Graham ilikuwepo tangu 1867. Ilipewa jina la Kapteni John L. Graham, ofisa wa kikosi cha Kansas aliyeuawa katika mapigano ya Chickamauga mwaka 1863. Serikali yake ilianza kufanya kazi mwaka 1880, na karani wake wa kwanza alikuwa Edward P. McCabe, mtu mweusi mwenye umri wa miaka 29.

McCabe alizaliwa Troy, jimbo la New York, mwaka 1850. Alifanya kazi New York, kisha akawa karani katika ofisi ya hazina ya kaunti huko Chicago. Alifika Nicodemus mwaka 1878 na rafiki yake Abram Hall, nao wakaanza kuwaandalia walowezi hati za ardhi na kuwasaidia katika mambo ya sheria. Karani wa kaunti ndiye mtunzaji wa kumbukumbu na daftari za serikali. Katika nchi ambayo watu weusi walikuwa wakiporwa mashamba kwa ujanja wa makaratasi, kuwa na mtu wao katika kiti hicho kulikuwa na maana ambayo kila mkulima aliielewa.

Mwaka 1882 wapiga kura wa Kansas walimchagua McCabe kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo, wakamrudisha tena 1884. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa amewahi kuchaguliwa kushika wadhifa wa jimbo zima katika Kansas kabla yake. Baadaye alihamia Oklahoma, akashiriki kuanzisha mji wa Langston mwaka 1890, akiota jimbo ambalo watu weusi wangekuwa na sauti ya kweli. Oklahoma ilipofanywa jimbo mwaka 1907 ilianza kwa kutunga sheria ya kuwatenga weusi kwenye treni. McCabe alikwenda mahakamani kuipinga, akashindwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1914. Alifariki mwaka 1920 na kuzikwa Topeka.

Nyumbani Graham kulikuwa na ugomvi mwingine, ule ulioikumba karibu kila kaunti ya magharibi: mji gani uwe makao makuu? Mji uliopata makao makuu ulipata mahakama, ofisi, wafanyabiashara na bei ya viwanja. Makao ya kwanza yalikuwa Millbrook. Upande mwingine alikuwepo W. R. Hill, yule mweka hazina wa Nicodemus, ambaye sasa alikuwa ameanzisha mji wenye jina lake, Hill City. Mwaka 1887 kimbunga kiliibomoa Millbrook, na mwaka 1888 makao makuu yakahamia Hill City, yalipo hadi leo. Millbrook ikafutika.

RELI ILIYOPITA NG'AMBO

Katikati ya miaka ya 1880 Nicodemus ilikuwa imechangamka. Ilikuwa na maduka, hoteli, benki, makanisa na timu ya besiboli. Gazeti la Western Cyclone lilianza mwaka 1886, na Nicodemus Enterprise likafuata 1887. Magazeti mawili katika mji wa watu mia kadhaa ni ishara ya matumaini makubwa, na matumaini yenyewe yalikuwa ya reli.

Katika nyika ile reli ndiyo ilikuwa uhai. Mkulima aliyekuwa mbali na kituo alisafirisha ngano kwa mkokoteni wa farasi kwa siku nzima au zaidi, na faida ikaishia njiani. Kila mji ulijua hivyo, na kampuni za reli zilijua kwamba kila mji unajua. Zikawa zinaiomba miji fedha kabla ya kuamua njia. Mwaka 1887 wapiga kura wa Nicodemus waliidhinisha hatifungani za dola 16,000 kuivutia kampuni ya Missouri Pacific. Mazungumzo yalivunjika, na reli hiyo haikufika.

Mwaka 1888 kampuni ya Union Pacific ndiyo iliyojenga njia katika eneo hilo. Iliipitisha kusini mwa mto Solomon, kilomita chache tu kutoka Nicodemus, na kituo kikawekwa ng'ambo ya mto, katika mji mpya wa Bogue. Wenye maduka walipima hali wakafanya uamuzi. Baadhi waliyapakia majengo yao kwenye magari na kuyavuta hadi Bogue. Magazeti yakafungwa.

Hapa ndipo somo la kaunti hii linapokuwa chungu. Watu wa Nicodemus walikuwa wamefanya kila walichotakiwa kufanya. Walilima, walisomesha, walilipa kodi, walichagua viongozi, na walikubali kubeba deni kwa ajili ya maendeleo yao. Kalamu ya mtu mmoja katika ofisi ya kampuni ikachora mstari upande wa pili wa mto. Juhudi za wananchi ni lazima ziwepo, lakini hazitoshi pale ambapo maamuzi makubwa ya miundombinu hufanywa na watu ambao hawawajibiki kwao.

NGANO, VUMBI NA KUHAMA

Wakulima hawakuondoka na maduka. Mashamba yalikuwa yao, na kwa miongo kadhaa yaliwalipa. Ngano ya kupandwa vuli na kuvunwa Juni, aina iliyoletwa Kansas na Wamenoni kutoka Urusi mwaka 1874, ilihimili baridi na ukame kuliko zilizotangulia. Wabaptisti wakajenga kanisa lao la mawe mwaka 1907. Mwaka 1910 kaunti nzima ilikuwa na watu zaidi ya 8,000. Mwaka 1918 Nicodemus ilipata jengo jipya la shule.

Kisha ikaja miaka ya 1930. Bei ya ngano ilianguka, mvua ikakatika, na ardhi iliyokuwa imevuliwa nyasi zake ikaanza kupeperuka. Tufani za vumbi zilizifunika kaunti za magharibi mwa Kansas hadi mchana ukawa giza. Familia ziliondoka moja baada ya nyingine kwenda Topeka, Denver na California. Katikati ya shida hiyo mpango wa ajira wa serikali ya Rais Franklin Roosevelt uliwapa wanakijiji kazi ya kujenga ukumbi wa kata kwa mawe ya chokaa, uliokamilika mwaka 1939. Posta ilifungwa mwaka 1953, na shule mwaka 1960.

Kaunti yote ilipatwa na jambo hilohilo kwa kasi ndogo zaidi. Trekta na mashine za kuvunia ziliwezesha familia moja kulima eneo lililokuwa likilimwa na familia kumi, na vijana wakafuata kazi mijini. Onyo la Powell kuhusu ukame halijapitwa na wakati pia: Juni 2012 kipimajoto cha Hill City kilifika nyuzijoto 46, na kwa siku kadhaa mji huo ukawa miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi katika Marekani yote.

WANAORUDI KILA JULAI

Katika miaka yao ya mwanzo, watu wa Nicodemus walianza kusherehekea ukombozi kila tarehe 1 Agosti. Walichagua siku hiyo kukumbuka kufutwa kwa utumwa katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza, Agosti 1, 1834. Watu walioishi mashimoni katikati ya Kansas walikuwa wanajua kwamba uhuru wao ni sehemu ya habari kubwa kuliko Kentucky na kubwa kuliko Marekani. Kulikuwa na hotuba, nyama choma, mbio za farasi na besiboli.

Sherehe hiyo haijafa. Siku hizi hufanyika mwishoni mwa Julai, na wajukuu na vitukuu kutoka majimbo mbalimbali hurudi kwa mamia katika kijiji ambacho siku za kawaida kina wakazi wachache mno. Wanaabudu pamoja, wanatembelea makaburi, wanawatambulisha watoto kwa ndugu zao. Mmoja wa wana wa kijiji hicho, Veryl Switzer, aliyezaliwa 1932, alichaguliwa na timu ya Green Bay Packers mwaka 1954 akiwa miongoni mwa wachezaji wanne wa kwanza katika uteuzi wa ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kisha akatumikia Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas kwa miaka mingi. Hakuliacha shamba la Nicodemus mpaka uzeeni, na alifariki mwaka 2022.

Wazao hao ndio waliopigania kumbukumbu yao itambuliwe. Mwaka 1976 Nicodemus iliingizwa katika orodha ya alama za kihistoria za taifa. Angela Bates, mwanahistoria anayetokana na familia za waanzilishi, aliunda Jumuiya ya Kihistoria ya Nicodemus na kuongoza kampeni iliyozaa matunda Novemba 1996, Bunge la Marekani lilipoifanya Nicodemus kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Majengo matano yanalindwa: kanisa la Kimethodisti, kanisa la Kibaptisti, hoteli, shule na ukumbi wa kata.

Itazame orodha hiyo vizuri. Hakuna kasri la tajiri wala sanamu ya jemadari. Kuna mahali pa kuabudu, pa kumpokea mgeni, pa kusomesha mtoto na pa kufanyia mkutano wa wananchi. Miji mingi ya magharibi ya Marekani iliyokosa reli au kupigwa na kimbunga ilitoweka kama Millbrook, kwa sababu kilichowaunganisha watu wake kilikuwa bei ya viwanja tu, na bei ilipoanguka hapakuwa na cha kurudia. Nicodemus ilipoteza posta, maduka, benki na karibu wakazi wote, lakini watu wake bado wanajuana na bado wanaitana.

Kwa hiyo siioni haki historia ya Kaunti ya Graham inapoanza na W. R. Hill na viwanja vyake, ingawa jina lake ndilo lililobaki kwenye makao makuu ya kaunti. Kupima viwanja ni kazi ya siku chache. Waliojenga ni akina Jenny Fletcher, aliyefungua darasa mahali ambapo hata ubao wa kutengenezea dawati haukuwepo, na wale waliokataa kuombewa misaada wakiwa bado na njaa. Hao wanapaswa kutajwa kwanza, na vitabu vya shule vya Kansas na kwingineko viwafundishe watoto hivyo.